Mjukuu wa Mfalme wa Karafuu

Mara ya kwanza kumwona mwigizaji Ben Kingsley, katika filamu ya Gandhi, nilidhani namwona Gandhi mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, Wete, kisiwani Pemba, nimebanwa na watoto wenzangu kwenye jamvi sebuleni kwa jirani aliyekuwa na deki. Mkanda ulikuwa umechoka. Kila baada ya dakika chache mistari myeupe ilishuka kwenye kioo kama manyunyu. Filamu ile inaanza na kifo. Mzee mwembamba anatembea bustanini, mikono ameiweka mabegani mwa wasichana wawili, kijana mmoja anainama mbele yake kama anayemwamkia, kisha zinalia risasi. Bibi yangu, ambaye Kiingereza hakukijua hata neno, alikuwa amekaa nyuma yetu akimenya muhogo. Kisu kikasimama. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, na hakuna mtoto aliyecheka, maana sote tulikuwa na yakini kwamba mtu amekufa mbele yetu.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba yule "Gandhi" alizaliwa Snainton, kijiji cha Yorkshire, Uingereza, tarehe 31 Desemba 1943, na kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Krishna Bhanji. Mama yake alikuwa Mwingereza, mwigizaji na mwanamitindo. Baba yake, Rahimtulla Harji Bhanji, alikuwa daktari, mzaliwa wa Kenya, wa ukoo wa Makhoja, Waislamu wenye asili ya Gujarat, India, akakulia Zanzibar mpaka alipopelekwa Uingereza akiwa na miaka 14. Na babu? Babu alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyetoka India akahamia Zanzibar. Inasimuliwa kuwa watu walimpa lakabu ya Mfalme wa Karafuu, na kwamba jina la Kingsley limechipuka katika lakabu hiyo.

Niliposoma habari ile ilibidi niweke simu chini. Sisi watu wa Pemba, ambako ndiko zinakotoka karafuu nyingi za Zanzibar, karafuu tunaijua kwa mikono kabla ya kuijua kwa pua. Msimu ukiingia, jioni magunia yanamwagwa barazani na kazi ya kuchambua inaanza. Unashika shada, unalibana kiganjani, unasokota. Karafuu zinaanguka upande wake, makonyo yanabaki mkononi. Vidole vinanata na kupiga weusi. Asubuhi zinaanikwa majamvini, na mbingu ikinguruma tu nyumba nzima inatoka mbio kuzianua. Baada ya siku tatu nne za jua kali, zile zilizokuwa za kijani na wekundu wa mbali zinageuka hudhurungi iliyokoza, na ukiivunja moja unaisikia ikilia. Kumbe kitu hiki tulichokuwa tukikikalia kitako barazani ndicho kilichompa jina mwigizaji aliyemliza bibi yangu.

Jina lenyewe lina kisa chake, na amekisimulia mwenyewe. Alikwenda kwenye usaili akiwa Krishna Bhanji, akaigiza vizuri, akaambiwa kwamba amefanya kazi nzuri ila hawajui wamweke wapi katika msimu wao ujao. Akabadili jina. Kazi ikapatikana.

Hatujui tukuweke wapi. Mtu yeyote wa mwambao mwenye damu iliyochanganyika ameyasikia maneno haya kwa namna moja au nyingine, ofisini, kwenye foleni ya pasipoti, hata kwenye posa. Mimi huyasikia kila ninapomtazama Kingsley akifanya kazi, na naamini ndiyo ufunguo wa maisha yake yote ya uigizaji. Walishindwa kumpa mahali, basi akajifunza kukaa kila mahali, akakaa vizuri kuliko wenye mahali pao.

Alikulia Pendlebury, nje kidogo ya jiji la Manchester. Akiwa kijana alikwenda Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare, akamwona Ian Holm akiigiza Richard wa Tatu, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Hata hivyo nusura muziki umchukue. Mwaka 1966 alikuwa akiimba na kupiga gitaa katika mchezo mmoja wa jukwaani jijini London uliosimamiwa na Brian Epstein, meneja wa bendi ya Beatles, na anasema wanamuziki wake John Lennon na Ringo Starr walimshauri ashike muziki. Mwaka uliofuata aliingia Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la maigizo la Uingereza, na gitaa likawa la nyumbani.

Mwaka 1970 mwongozaji Peter Brook aliiweka jukwaani A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare ndani ya kisanduku cheupe kitupu, waigizaji wakining'inia kwenye bembea za sarakasi na kuzungusha sahani juu ya vijiti. Kingsley alikuwa Demetrius, mmoja wa wale wapenzi vijana wanaopotezana msituni. Si uhusika wa kumpa mtu jina. Lakini mchezo ule ulitikisa tamthilia ya Uingereza nzima na ukavuka bahari hadi New York, na kijana aliyepita katika mikono ya Brook alitoka humo akiwa na mwili unaotii.

Ninapopenda kukaa zaidi ni mwaka 1975. Pale Stratford, mbali na ukumbi mkubwa, palikuwa na banda la mabati waliloliita The Other Place. Mabati kweli, ya mikunjo, kama haya tunayoezekea. Aliyeliongoza alikuwa mwanamke kijana, Buzz Goodbody, na humo akamweka Kingsley awe Hamlet, kwa mavazi ya siku hizi, bila mapambo, watazamaji wakiwa karibu kiasi cha kumsikia mwigizaji akivuta pumzi. Goodbody alijiua katika siku zile zile za mwanzo za mchezo wake, akiwa bado hajafikisha miaka 30. Waigizaji waliendelea. Fikiria kusimama kila usiku na kutamka maswali ya Hamlet juu ya kuwapo na kutokuwapo, ilhali aliyekuongoza ameshazikwa, na mbele yako, hatua mbili tu, kuna uso wa mgeni unaokutazama. Katika ukumbi mkubwa mwigizaji hupaza sauti na kutanua mikono ili wa nyuma wasikose. Katika banda la mabati ukifanya hivyo unakuwa muongo. Naona kwamba ukaribu ule ndio uliomwandaa Kingsley kwa kamera, kwa sababu kamera nayo inakaa hatua mbili mbele yako, na haisamehi.

Nikirudi kwa Gandhi: mwongozaji Richard Attenborough aliisumbukia filamu ile kwa miaka 20 hivi kabla ya kuipiga. Mwanawe Michael, mtu wa jukwaani, ndiye aliyemwambia baba yake akamtazame Kingsley. Kingsley akapunguza mwili, akanyoa, akajifunza kusokota uzi kwa gurudumu la mkono hadi akaweza kusokota huku anazungumza. Tukio la mazishi lilipigwa Delhi tarehe 31 Januari 1981, siku ile ile maiti ya Gandhi ilipochomwa miaka 33 kabla, na umati wa watu wapatao 300,000. Filamu ilitoka mwaka 1982 ikazoa tuzo 8 za Oscar, ya mwigizaji bora ikiwa mojawapo.

Hayo ni ya magazetini. Mimi nitazame miguu. Kijana wa miaka 23 anayetupwa nje ya treni Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 1893 anatembea kama wakili: kisigino kwanza, kifua mbele, kola imebana. Kadiri miaka inavyokwenda hatua zinafupika lakini zinaongeza kasi, mpaka kwenye matembezi ya chumvi, ya kupinga kodi ya Waingereza, yule mzee anakwenda mbio huku vijana wakihema nyuma yake. Kisha mfungo, na miguu inakuwa vijiti. Hakuna mahali unapoona mshono kati ya umri mmoja na mwingine. Niliurudia mkanda ule mara nyingi nikiutafuta huo mshono, na bado natafuta.

Na kuna jambo ambalo filamu haikuligusa, nalo kwangu ni tamu. Gandhi aliandika katika tawasifu yake kwamba meli iliyompeleka Afrika Kusini mwaka 1893 ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Zanzibar, na kwamba hapo Zanzibar walikaa siku nane au kumi. Kijana wa Kigujarati, koti jipya, akizunguka mji wa karafuu akisubiri meli nyingine. Miaka karibu 90 baadaye mjukuu wa mfanyabiashara wa Kigujarati wa mji huo huo akavaa maisha yake.

Baada ya Oscar hatimaye walijua wamweke wapi. Angeweza kubaki humo, mtu wa kuitwa kila panapotakiwa mzee wa Kihindi mwenye hekima. Mwaka 1983 alitoka katika Betrayal ya mwandishi Harold Pinter akiwa mchapishaji vitabu wa London anayejua kwamba mkewe anatembea na rafiki yake kipenzi, na mwaka huo huo akapanda jukwaani peke yake kumwigiza Edmund Kean, mwigizaji mkubwa wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyeangamizwa na ulevi. Mwaka 1985 akarudi Royal Shakespeare Company kuwa Othello, David Suchet akiwa Iago. Alikuwa kama mtu anayejiandikisha upya kila mwaka kwa jina jingine.

Katika Schindler's List ya mwaka 1993 yeye ni Itzhak Stern, mhasibu wa Kiyahudi wa Schindler, Mjerumani mwenye kiwanda enzi za Wanazi. Mtazame anavyoshika kalamu, kiwiko kimebana ubavuni, kama mtu aliyejua kwamba kuchukua nafasi hata ndogo ni hatari. Schindler anamkaribisha kinywaji mara kadhaa, na Stern hagusi glasi. Hasemi kwa nini, hana haja ya kusema: mtu hanywi na anayemmiliki. Ni mwishoni, wote wawili wakidhani kwamba wanaagana na kwamba Stern anakwenda kufa, ndipo anaposema afadhali anywe sasa hivi, na macho yanamjaa. Glasi moja tu. Kwa maoni yangu hakuna hotuba katika filamu ile yenye uzito wa glasi hiyo.

Sasa mweke mhasibu huyu kando ya Don Logan wa Sexy Beast, filamu ya mwaka 2000. Don ni jambazi wa London anayetumwa Hispania kumrudisha kazini mwenzake wa zamani aliyestaafu, na ambaye hataki kurudi. Kichwa kimenyolewa, mgongo umenyooka kama fimbo ya mwalimu, na maneno yanamtoka mfululizo kama mtu anayepigilia misumari. Mwenzake, jitu la watu, Ray Winstone, anajikunja mbele ya kijitu hiki. Kingsley alisema mfano wa Don aliuchukua kwa bibi yake mzaa mama, mwanamke mwenye chuki kali. Nilipoyasoma hayo nilielewa kwa nini Don anatisha kuliko majambazi wengine wa sinema: kuogofya kwake ni kwa nyumbani. Ni yule mtu anayekaa mezani kwenu na hakuna anayethubutu kumwambia aondoke.

Lakini filamu niliyotaka kuandika habari zake tangu mwanzo ni nyingine, na siwezi kuieleza bila kumtaja mjomba.

Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa hesabu Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikwenda London, na kila Idi ikija alituletea picha: suti ya kijivu, tai, mkoba wa ngozi. Bibi alizitia kwenye fremu. Nilipokwenda kumtembelea mwaka 2006 nilimkuta anaosha vyombo katika mkahawa mmoja hadi usiku wa manane. Ile suti ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, akienda nayo kazini na kurudi nayo. Akimaliza zamu aliingia msalani, akanawa mikono mpaka viwiko, akavaa shati, akafunga tai mbele ya kioo kilichopasuka, ndipo akatoka kwenda kupanda basi. Jirani zake wengi walikuwa watu wa kwetu. Hakutaka wamwone vingine.

Jumapili moja tuliangalia House of Sand and Fog ya mwaka 2003. Kingsley ni Behrani, aliyekuwa kanali katika jeshi la anga la Iran enzi za mfalme wao, Shah, sasa ni mkimbizi California. Mchana anafanya kazi ya barabara juani na wafanyakazi wengine, usiku yuko nyuma ya kaunta ya duka, na kila anachotumia anakiandika kwenye daftari. Halafu linakuja tukio lile. Ametoka barabarani, vumbi limemganda shingoni. Anaingia kwenye choo cha hoteli, ananawa, anavaa suti, anajiweka sawa. Anapotoka ni kanali. Hakuna muziki wa kutuomba machozi. Ni mwanamume na mfereji wa maji.

"Mjomba," akasema mjomba, maana ndivyo tunavyoitana, "simamisha kidogo."

Nikasimamisha. Akaenda jikoni. Nikasikia birika, nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, kisha kimya kirefu. Aliporudi alikuwa na vikombe viwili vya chai, ndani ya kila kimoja zinaelea karafuu tatu. Akakaa. Akautazama ule uso uliosimama kwenye televisheni, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Huyu," akasema, "kaambiwa na nani?"

Nikamweleza kuhusu baba yake daktari aliyekulia Zanzibar, na kuhusu babu yake wa karafuu. Mjomba hakujibu. Akabonyeza rimoti mwenyewe tukaendelea hadi mwisho, na mwisho wa filamu ile ni mzito mno, sitausimulia kwa asiyeiona.

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama ilifaa kanali wa Kiirani aigizwe na Mwingereza, wakati Wairani waigizaji wapo. Shohreh Aghdashloo, aliyekuwa mkewe katika filamu hiyo, ni Muirani na alikuwa wa ajabu. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar. Ni kweli kwamba Hollywood kwa miaka mingi ilimchukua Kingsley kama ufunguo wa milango yote ya "watu wa huko": Mhindi, Muajemi, Myahudi, Mwarabu. Kwa hili nawalaumu wanaogawa kazi, maana walitosheka na mtu mmoja pale walipopaswa kufungua mlango kwa wengi. Yeye mwenyewe siwezi kumlaumu. Krishna Bhanji alikwishaonja mlango uliofungwa.

Na angalia alivyobeba dhamana hiyo upande wa historia ya Wayahudi. Mwaka 1989 alimwigiza Simon Wiesenthal, aliyetumia maisha yake kuwasaka wahalifu wa Kinazi. Baada ya Stern, mwaka 2001 akawa Otto Frank, baba yake Anne, yule msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara. Kisha mwaka 2018, katika Operation Finale, akamwigiza Adolf Eichmann mwenyewe, aliyepanga safari za treni za kuwapeleka watu kuuawa. Amesema kwamba siku zote za kupiga filamu ile alikuwa na picha ya Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika kambi za Wanazi, mfukoni. Eichmann wake hapigi kelele. Ni mzee nadhifu anayekula kwa adabu na kuuliza habari za familia yako, na unatamani apige kelele.

Zipo pia filamu dhaifu, na si chache; aliyesema mwigizaji huyu hukubali kazi kupita kiasi hakukosea sana. BloodRayne naiacha ilipo. Ila Trevor Slattery wa Iron Man 3 nampenda. Dunia inamwogopa gaidi mwenye ndevu na sauti nzito, kumbe ni mwigizaji mlevi wa Kiingereza aliyekodiwa kuwa gaidi, anayejisifia jinsi alivyowahi kuwa Mfalme Lear kule Croydon. Watoto wangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilimwona Kean wa mwaka 1983, yule yule, amerudi na koti la kulalia.

Alipewa heshima ya Sir mwanzoni mwa mwaka 2002. India ilikuwa imekwishamtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 1984. Mwaka 2025, akiwa na miaka 81, alitoka katika The Thursday Murder Club akiwa Ibrahim, daktari mstaafu wa magonjwa ya akili, na bado anakaa kwenye kiti vile vile, kiwiko ubavuni, macho yanasikiliza.

Niliiangalia usiku, asubuhi nikampigia mjomba. Amerudi Wete, ana mikarafuu yake michache aliyorithi na goti linalomsumbua. Nilipomwamkia aliitikia, akaniuliza habari za watoto, kisha nikamwambia nimemwona mtu wetu.

"Yule mjukuu wa karafuu? Bado anafanya kazi?"

"Bado, mjomba."

"Umri ule!" Akanyamaza kidogo. "Hivi babu yake akinunua za Unguja tu, au na za Pemba?"

Nikamwambia hakuna wa kuitwa Mfalme wa Karafuu bila karafuu za Pemba. Akacheka, akaanza kunihesabia wazee wetu waliouza frasila ngapi mwaka gani, na jina la kila tajiri aliyewalipa, akitafuta kama Bhanji yumo. Hakufika mbali. Upande wa Mtambwe wingu lilikuwa limetanda, akasema nimpigie baadaye, anakwenda kuanua.